Nairobi hadi New York: Mbona kwenda huchukua saa nyingi kuliko kurudi?

Mzazi wa Kibera aliyemsindikiza mwanawe hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta usiku huenda akaanza kumpigia simu mapema asubuhi. Simu ikikosa kupatikana hadi adhuhuri, hofu humwingia. Hata hivyo, hesabu ndogo ya masafa, upepo na saa ingemtuliza.

Kutoka Nairobi hadi New York, Marekani, ni takriban kilomita 11,800 angani. Kabla ya Oktoba 28, 2018, abiria walilazimika kubadilisha ndege katika miji kama vile London, Amsterdam au Dubai. Siku hiyo ndipo shirika la Kenya Airways lilipozindua safari ya moja kwa moja, likitumia ndege aina ya Boeing 787.

Ndege hiyo huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, safari ingechukua saa 13 hivi. Lakini kwenda huchukua takriban saa 15, na kurudi saa 14. Sababu kuu ni upepo mkali wa anga za juu kaskazini mwa dunia, ambao huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndege inayoelekea Marekani hupambana nao. Inayorejea Nairobi husukumwa nao.

Kinachowakanganya wengi zaidi ni tofauti ya saa. Nairobi hutangulia New York kwa saa nane wakati wa baridi huko, na saa saba kuanzia Machi hadi Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele.

Tuchukue mfano wa Januari. Msafiri akiondoka Nairobi Alhamisi saa tano usiku, atatua Ijumaa saa nane mchana, saa za Kenya. Huko New York itakuwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayempigia simu saa tatu asubuhi anamtafuta mtu ambaye bado yuko angani.

Anaporudi, mambo hugeuka. Akiondoka New York Jumamosi saa sita mchana, atatua Nairobi Jumapili saa nne asubuhi. Jamaa wa Kawangware wakienda kumlaki Jumamosi usiku, watakesha bure.

Isitoshe, safari huanzia mlangoni. Kawangware iko magharibi mwa jiji, ilhali uwanja wa ndege uko upande wa kusini mashariki. Asiye na gari huhitaji matatu hadi katikati ya jiji, kisha nyingine hadi uwanjani, na msongamano wa jioni hauna huruma. Abiria wa safari za kimataifa hutakiwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Basi afadhali atoke nyumbani jua lingali juu, kwani ndege haimsubiri aliyekwama barabarani.