Kidole Kwenye Mshipi

Tangu Australia ilipoanza, Desemba 10, 2025, kuwafungia mitandao ya kijamii watoto walio chini ya miaka 16, wasomaji wananiandikia kuhusu watoto wao. Mama mmoja wa Tanga anasema binti yake wa miaka 15 akishaweka picha mtandaoni hashiki kazi nyingine mpaka usiku, na simu huifungua hata isipoita. Anauliza, “Anatafuta nini mle?”

Hiyo “hata isipoita” ndiyo iliyonikalisha kuandika. Habari za mwanga wa kioo na usingizi nitaziacha, mmezisikia vya kutosha.

Miaka ya 1990, huko Fribourg, Uswisi, mtafiti Wolfram Schultz alikuwa akisikiliza ubongo wa kima, seli moja baada ya nyingine. Ni seli zinazotoa dopamini. Kima alipopewa tone la sharubati bila kutarajia, seli zilifyatuka. Kisha ikatangulizwa ishara: ikitokea, tone linafuata. Kima alipokwisha kujifunza, seli zilifyatuka kwenye ishara, na tone lenyewe lilipofika hazikushtuka. Ishara ilipotokea tone lisije, seli zilififia chini ya mpigo wao wa kawaida, wakati uleule ambao tone lilipaswa kufika. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanisisimua. Seli hizi hazihesabu ulichopata. Zinahesabu ulichopata ukitoa ulichotarajia.

Tukiite nini kitu hiki? “Kosa la utabiri”, jina la wanasayansi, silipendi, kwa sababu kosa hutafuta mkosaji, na hapa hakuna aliyekosa. “Pengo” linafaa upande wa upungufu tu. Mimi nachukua neno la darasa la hesabu: kumi kutoa saba, baki tatu. Baki ya tarajio. Inaweza kuwa chanya, inaweza kuwa hasi, na hata mtoto wa shule anajua inavyopatikana.

Mwaka 2003 Schultz na wenzake walichezea bahati. Tone lilipokuwa la hakika, seli zilingoja kimya. Lilipokuja nusu ya mara zote, ziliendelea kupiga, zikipanda kadiri wakati wa tone ulivyokaribia. Ile “labda” ndiyo iliyoziwasha.

Aliyewahi kuvua kwa mshipi anaelewa bila maabara. Mwenye dema hulitega akaenda kulala, kesho akalitazama. Mwenye mshipi hawezi. Amekaa kwenye ngalawa, jiwe limegusa chini, uzi umelala juu ya kidole cha shahada. Wimbi linautikisa, mwamba unaukwaruza, changu mdogo anadonoa chambo na kuondoka, na kidole huvisikia vyote karibu sawa. Basi anavuta. Ndoana tupu. Anaweka chambo kingine, anatupa. Samaki wangeuma kila robo saa kamili, angesinzia katikati. Wasingeuma kabisa, angekunja uzi akarudi nyumbani. Kinachomweka pale mpaka jua linazama ni kwamba mvuto huu huenda ukawa wa chewa. Baba yangu mdogo alivua hivyo mbele ya Pangani, na alikuwa akisema vidole vyake husikia samaki hata akiwa kitandani. Wenye simu wengi wanalijua hilo: paja linahisi mtetemo, kumbe simu iko mezani.

Mtengeneza programu Loren Brichter alipobuni ule mtindo wa kuburuta kioo chini ili vipya vije, aliuweka mshipi kwenye dole gumba letu. Facebook ilipoleta kitufe cha laiki mwaka 2009, kila mvuto ukapata hesabu.

Sasa tumrudie binti. Tuseme picha yake ya mwisho ilipata laiki 60. Leo zikija 60, baki ni sifuri, hasikii kitu. Zikija 22, ni watu 22 walioipenda sura yake, lakini ubongo umeandika upungufu wa 38, na anaukagua tena kila anapoburuta. Ndiyo, kima si binti wa mtu, na kwa wastani athari za mitandao zilizopimwa kwa vijana ni ndogo. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwalipa watu wazima wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki 4: walipata kama saa 1 zaidi kila siku, hali yao ikapanda kidogo, na hata baada ya jaribio waliendelea kuitumia kwa uchache.

Nimemjibu mama: mgeuzieni mshipi uwe dema. Zimeni milio, ficheni idadi ya laiki, simu ifunguliwe saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, basi. Ameniandikia tena. Wiki ya kwanza, anasema, binti aliosha vyombo huku akisimama kila mara, akikausha mkono na kupapasa mfuko mtupu.