Kuivalisha Tarakilishi Vazi Jipya

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii niliielewa vizuri mbele ya tarakilishi kuukuu ya mjomba wangu, ambaye huwachapia watu barua mjini Kitale.

Tarakilishi hiyo ilitumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida, na mashine ya mjomba ilikuwa ya zamani mno kuweza kupokea Windows 11. Likizo ya Desemba, binamu yangu kutoka Bungoma akaja akaiwekea Linux, aina ya Xubuntu, bila kulipa hata senti. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini.

Mjomba alipoiona akakunja uso. "Mpwa wangu, hapa sioni kitu changu hata kimoja. Nisipoizoea kabla shule hazijafunguliwa, nitawapa wanaonunua vyuma vikuukuu." Mimi nikashtuka, maana hata mazoezi yangu ya shule huyaandika humo. Binamu alikuwa amesharudi Bungoma. Basi kazi ikaniangukia.

Jambo la kwanza ambalo mgeni anafaa kujua ni kwamba sura ya Linux si Linux yenyewe. Ni kama matatu: injini iko chini, lakini rangi na michoro ni shauri ya mwenye gari. Sura huletwa na programu nyingine, nazo ziko nyingi. KDE ilianzishwa mwaka wa 1996, GNOME mwaka wa 1997. Yetu ni Xfce, ambayo haili kumbukumbu nyingi, kwa hivyo inaifaa mashine kuukuu.

Nilianza na picha ya nyuma. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, unachagua mipangilio ya eneokazi, kisha picha uipendayo. Halafu nikafungua palipoandikwa "Appearance", ambapo hubadilishwa rangi, vijipicha na herufi. Nikachagua rangi nyeusi, lakini vichwa vya madirisha vikabaki vilevile! Kumbe vyenyewe vina mahali pao, "Window Manager".

Mwisho nikaushughulikia ule utepe wenye saa na orodha ya programu. Ulikuwa juu, na mjomba alizoea kuuona chini. Ukiondoa alama ya kuufunga, unaweza kuuburuta hadi chini. Nami kwa kiherehere nikabonyeza mahali pa kuuficha. Ukatoweka! Kijasho chembamba kikanitoka. Mjomba akaghadhibika kama mkizi, akauliza ziko wapi barua za watu. Nilipokisukuma kipanya hadi ukingo wa chini, utepe ukachomoza. Haukuwa umeharibika, ulikuwa umejificha tu.

Barua nazo zilikuwa salama. Mapambo yote haya huwekwa katika folda iliyofichwa iitwayo .config, mbali na zile barua. Tena kila mtumiaji ana folda yake, kwa hivyo nilijifungulia akaunti yangu, nikaacha kuchezea ya mjomba.

Wenzangu, nawashauri hivi. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na muandike daftarini kilivyokuwa mwanzoni. Msichukue mapambo kutoka kwa watu msiowajua. Na msirundike madoido, kwani tarakilishi kuukuu itakwenda mwendo wa kobe.

Mnajua kilichomfurahisha mjomba? Si ile picha nzuri ya Mlima Elgon niliyomwekea. Ni herufi nilizozikuza kutoka 10 hadi 13, maana macho yake yamechoka. "Sasa naona," akasema, akaanza kuchapa. Habari ya vyuma vikuukuu ikaishia hapo.

Hata lugha ni sehemu ya sura. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunangoja nini?

Makala haya nimeyaandika kwenye tarakilishi ileile. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Anayetaka kujaribu, anitafute wakati wa mapumziko.