Fahamu: Kiyoyozi cha darini kwa nyumba ya Singida
Saa nane mchana, gusa silingi bodi iliyo chini ya bati tupu: ina moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Usiku wa Julai, nyumba hiyohiyo inadai blanketi mbili. Ndiyo hali ya mji wa Singida, ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kiyoyozi cha darini hufichwa juu, kikasambaza hewa vyumbani kwa mifereji. Kikiwa cha aina inayogeuza mzunguko wa gesi, hupasha joto pia. Lakini mifereji ikipita kwenye dari lenye moto bila kuvikwa kizuia joto, utalipia umeme wa kupoza bati. Bomba la kutoa maji lipewe mteremko, na pawe na mlango wa fundi kufikia chujio. Vumbi la kiangazi hapa huliziba upesi.

Wanyaturu, wenyeji wa hapa, walijenga tembe: kuta nene na paa bapa la miti na udongo. Udongo huo hunyonya joto polepole mchana, ukalirudisha usiku. Kwa hiyo ningeanza na paa, nizuie joto juu ya dari, ndipo niite fundi wa viyoyozi. Huenda cha ukutani, chumba kimoja tu, kikatosha.