Je, Wajua Riwaya Uipendayo Ilitoka Wapi?

Je, wajua kwamba mtu wa kwetu alifika Siberia mwaka 1896, kisha akayasimulia kwa Kiswahili yote aliyoyaona? Jina lake Salim bin Abakari, mtu wa Komoro. Alifuatana na tajiri wake Mjerumani, Dakta Bumiller, wakaanzia Berlin, wakapita St. Petersburg na Moscow, wakazidi kwenda mbele. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1901.

Mwaka huu nimekuwa nikisoma vitabu viwili viwili: riwaya moja, na pembeni yake kitabu cha mambo ya kweli kinachohusu mahali hapo au zama hizo. Katika yote niliyosoma, hakuna kilichonikamata kama huyu Salim. Tumezoea kusoma Wazungu wakitueleza sisi: tunakula nini, tunaabudu nini, tunavaa nini. Hapa Mswahili ndiye anayetazama. Anawapima watu wa Urusi kwa chakula chao, usafi wao na dini yao, na mara nyingine anawadharau waziwazi. Hana haya. Msomaji wa leo atakunja uso mahali fulani, na ni vyema akunje, kwa maana ataona kwamba macho ya msafiri ni yale yale, atoke Ulaya au Komoro.

Ndani ya kitabu hicho hicho mna safari nyingine, ya Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda na wenziwe bara kufanya biashara. Masimulizi yake ni ya mfanyabiashara: bidhaa, hongo zinazodaiwa na watawala njiani, wagonjwa, njaa. Wakafika kwa mtawala aitwaye Chata, na huko ndiko yalikowakuta makubwa. Wakashambuliwa na kunyang'anywa mali.

Sasa, aliyesoma Paradise ya Abdulrazak Gurnah ameshaanza kusikia mlio anaoujua. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1994 na ikaingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anawekwa rehani na baba yake kwa tajiri aitwaye Aziz ili kufidia deni. Baadaye msafara wa Aziz unaingia bara, na mtawala anayewatesa huko anaitwa Chatu. Pia mna hadithi ya mtu wa pwani aliyefika mpaka Urusi. Wahakiki wameonyesha wazi kwamba Gurnah aliyasoma masimulizi ya Velten na kuyafanyia kazi upya.

Kwa maoni yangu ukubwa wa Gurnah unaonekana hapo hasa, katika alichokibadilisha. Selemani anasimulia akiwa mkubwa wa safari, mwenye mali na mwenye neno. Gurnah amempa macho mtoto asiyemiliki hata nafsi yake. Kwa Selemani, mtu aliyekufa njiani hupata mstari mmoja, kisha safari inaendelea. Kwa Gurnah tunalala naye usiku, tunasikia pumzi zake na woga wa walio karibu naye. Sehemu ya msafara ndiyo iliyo bora kabisa katika riwaya hiyo, na ninaiweka juu ya chochote kingine alichoandika. Mwisho wake huwaudhi baadhi ya wasomaji kwa sababu unakatika ghafla. Mimi naukubali. Kijana aliyelelewa katika rehani hawezi kupewa mwisho laini.

Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakaitoa riwaya hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mfasiri wake Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo simulizi zilizoanza kwa Kiswahili cha pwani, zikachapishwa Ujerumani na kuingia katika riwaya ya Kiingereza, zimerudi nyumbani baada ya zaidi ya karne moja. Kama umeisoma Paradise kwa Kiingereza, isome tena kwa Kiswahili. Mazungumzo ya wapagazi na wanyapara yanakaa vizuri zaidi humo.

Je, wajua kwamba mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli alizuiwa kurudi kwao? Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka Bagamoyo kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu hicho, kilichotolewa na Velten mwaka 1903, kinaeleza uzazi, jando, harusi, uganga, ngoma na mazishi kwa undani ambao sijauona kwingine. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka Dar es Salaam. Haikutaka kuona Mwafrika na mke wa Kizungu wakiishi ndani ya koloni. Ikabidi warudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Nikisoma maelezo yake ya harusi za Bagamoyo nikiwa nayajua hayo, ukurasa huwa mzito mkononi. Sijui kwa nini hakuna aliyemwandikia riwaya.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, naye aliacha kitabu. Maisha yake, yaliyosimuliwa kwa maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili, yalitolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki Zanzibar mwaka 1905. Ni kitabu cha lazima na ni kitabu cha baridi. Anahesabu frasila za pembe na mateka kwa sauti ile ile, bila kupepesa. Hakuna riwaya iliyowahi kunionyesha biashara ya utumwa kwa ukatili wa namna hiyo, kwa sababu msimulizi haoni kama kuna la kueleza.

Afadhali binti wa Sultani. Je, wajua kwamba Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri kwenye mfupa wa bega la ngamia? Wakati huo mifupa hiyo ndiyo iliyotumiwa kama vibao vya kuandikia. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kalamu haikuwa yao. Akauweka msahafu mbele yake, akawa anaiga herufi moja moja juu ya mfupa mpaka mkono ukazoea. Elimu hiyo ikamponza. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga njama ya kumpindua Sultan Majid, ambaye pia ni ndugu yao, aliyekuwa akiwaandikia barua wala njama alikuwa Salme, msichana wa miaka 15. Njama ikashindwa. Mwaka 1866 akatoroka Unguja kwa meli ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa Emily Ruete. Mumewe akafa katika ajali ya tramu mjini Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto wadogo.

Kumbukumbu zake alizitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Zisome kwa sura za kasri ya Bet il Mtoni: watoto wengi wa mama wengi, mabafu, farasi, jikoni, namna siku ilivyogawanywa na swala. Hizo ni kurasa za mwandishi wa kweli. Ila anapofika kwenye utumwa anautetea, na hapo nabishana naye kila ninapomrudia. Aliona mengi kwa jicho kali, lakini waliombeba na kumhudumia hakuwatazama kwa jicho hilo.

Ndiyo sababu baada yake nilichukua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu, kisha akawa sauti iliyosikika pwani nzima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo. Shaaban Robert anapenda mno kuwaidhi, na wasomaji wa siku hizi huchoka. Lakini kumchagua mwanamke maskini, mwimbaji, na kumpa kitabu kizima cha heshima katika zama zile ni jambo ambalo wengi waliokuja baadaye hawakuthubutu kulifanya.

Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, 1934, huhesabiwa na wengi kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Mbotela alikuwa mtoto wa mateka aliyekombolewa, na alikulia Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, pale ambapo leo watu wa Mombasa wanapaita Kengeleni. Kitabu chake kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Pamoja na hayo, kurasa za kutekwa kijijini zina ukweli ambao hautoki katika mawazo tu. Mtu alizisikia nyumbani kwao.

Je, wajua kwamba aliyemuumba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya, alikuwa mkaguzi wa afya? Muhammed Said Abdulla alifanya kazi hiyo Zanzibar kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake hapigi mtu risasi. Anatazama, anauliza, anatulia. Naamini miaka ya kuingia katika nyumba za watu kukagua ilimfunza Abdulla kuona kitu kilichowekwa mahali pasipo pake. Katika riwaya zake, Kisima cha Giningi ndiyo ninayoipenda zaidi.

Kuli ya Shafi Adam Shafi, 1979, inatokana na mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Anthony Clayton alikuwa ameshatoa kitabu cha historia ya mgomo huo mwaka 1976. Nimevisoma vyote viwili. Clayton anakupa sababu na tarehe. Shafi anakupa mhusika wake Rashidi, na ukimaliza unajua kwa nini watu wazima waliweka magunia chini. Kwa ufundi, hata hivyo, Vuta N'kuvute ya 1999 imeizidi. Yasmin ni mhusika anayekosea na kuinuka mwenyewe, hakuumbwa ili afundishe jambo. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021.

Namalizia na kitabu kilichoonewa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni, kisha baada ya miaka ikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na kijiji hicho hicho ndicho cha Rosa, mhusika mkuu wa riwaya. Kwa muda mrefu watu wamekisoma kitabu hiki kama onyo kwa wasichana. Mimi nasema ni mashtaka dhidi ya baba. Rudi kwenye sehemu za mwanzo, pale Zakaria anapomchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu fuatilia woga ule unakwenda naye mpaka wapi. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na sidhani kama tumeshamlipa haki yake.

Ombi langu ni kwa wachapishaji wetu: Safari za Wasuaheli na Desturi za Wasuaheli ziwekwe madukani kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaimudu. Nawe msomaji, kama una nafasi ya vitabu viwili tu mwaka huu, anza na Peponi, kisha umtafute Selemani bin Mwenye Chande.