Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Chawa ni mdudu mdogo. Urefu wake ni milimita 2 au 3, kama chembe ya ufuta. Ana miguu sita, na mwisho wa kila mguu pana ukucha kama ndoana. Kwa kucha hizo hushika unywele barabara, hata maji hayamwangushi. Hana mabawa, wala hawezi kuruka kama kiroboto. Hutambaa tu. Chakula chake ni damu ya mtu, naye hula mara kadhaa kila siku. Anapouma, ngozi huwasha. Mtoto hujikuna usiku, halafu asubuhi husinzia darasani.

Chawa anatoka wapi? Wengine husema kwamba anazaliwa na uchafu. Sivyo. Chawa huzaliwa na chawa. Hata kichwa kilichooshwa jana kinaweza kupata chawa leo, kikigusana na kichwa chenye chawa. Mji wa Bukavu uko juu milimani, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku kuna baridi. Katika nyumba yenye watu wengi, watoto watatu au wanne hulala pamoja chini ya blanketi moja. Hapo chawa anapata njia ya kupita toka kichwa hata kichwa. Kwa hiyo mtoto mwenye chawa si wa kuchekwa. Anayemcheka leo huenda anao yeye mwenyewe.

Chawa jike hutaga mayai kama 6 mpaka 8 kwa siku. Huyabandika kwenye unywele, karibu na ngozi, kwa kitu kigumu kama gundi. Baada ya siku 7 mpaka 10 mayai huanguliwa. Baada ya siku 10 hivi tena, wale wadogo wamekomaa, nao huanza kutaga. Lakini chawa wa kichwa akianguka chini, mbali na kichwa cha mtu, hufa kwa njaa kabla ya siku mbili kwisha.

Sasa tuseme jamaa moja ya Kadutu ina watoto watano. Mama anaona chawa kichwani mwa binti wa pili. Jumamosi anamwosha na kumchana vizuri. Usiku binti analala tena na wadogo zake. Jumatano chawa wamerudi. Mama anadhani kwamba amefanya kazi bure. Kazi yake ilikuwa njema, ila aliifanya kwa kichwa kimoja tu.

Njia iliyo bora ni hii:

1. Siku moja, wote wa nyumba wakae nje penye mwanga, baba na mama pia. Kila kichwa kitazamwe, hasa nyuma ya masikio na kwenye kisogo.

2. Anayekubali kunyolewa anyolewe, na nywele zake zichomwe. Kila mtu awe na wembe wake, maana wembe wenye damu ya mtu mmoja huweza kumtia mwingine ugonjwa.

3. Asiyenyolewa afumuliwe misuko. Nywele zilowe kwa maji na sabuni, zigawanywe mafungu madogo, kisha zichanwe kwa kitana chenye meno yaliyobanana, tangu ngozi mpaka ncha. Kila mara kitana kifutwe kwa kitambaa cheupe, ili chawa waonekane.

4. Siku ile ile mashuka, kofia na vitambaa vya kichwa vifuliwe kwa maji ya moto sana, vianikwe juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku 14.

5. Kazi ya kuchana irudiwe kila siku ya tatu, mpaka majuma mawili yatimie. Kwa sababu gani? Kitana huacha mayai mengine. Wadogo wakitoka mayaini, watakamatwa kabla ya kukomaa na kutaga.

Ziko pia dawa za chawa katika duka la dawa. Muuguzi wa kituo cha afya ataeleza namna ya kuzitumia. Lakini mafuta ya taa, yale yanayoitwa petroli huko Bukavu, yasipakwe kichwani kamwe. Hapo karibu pana mbabula yenye makaa, na cheche moja inatosha kumwunguza mtoto. Dawa ya wadudu wa shamba nayo ni sumu, hupenya ngozini.

Kuna ndugu wa chawa huyo, naye ni wa hatari zaidi: chawa wa nguo. Huyu hukaa katika mishono ya nguo, na hutaga humo. Ndiye anayeeneza tifusi, homa kali inayoweza kuua. Tifusi si tifoidi. Tifoidi huletwa na maji na chakula kichafu. Mwaka 1909, mjini Tunis, daktari Mfaransa Charles Nicolle alionyesha kwamba tifusi huenezwa na chawa. Aliona kwamba wagonjwa waliambukiza wengine kabla ya kuingia wodini. Lakini wakiisha kuogeshwa na kuvuliwa nguo zao mlangoni, hawakumwambukiza mtu tena. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Habari hiyo si ya mbali. Mwaka 1997, katika nchi jirani ya Burundi, tifusi iliwapata makumi ya maelfu ya watu. Vita viliwakimbiza mpaka makambini, katika vilima vya baridi, nao hawakuwa na nguo ya kubadili. Tifusi inatibika kwa dawa za hospitali. Lakini nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto, au iliyopigwa pasi ya makaa penye mishono, humwondoa chawa kabla hajaleta homa.

Wazee walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba nzima ikifanya kazi siku moja, chawa hana pa kukimbilia.

MASWALI

1. Chawa hupitaje toka mtu mmoja kwenda kwa mwingine?
2. Kwa nini chawa walirudi kwa yule binti?
3. Kwa nini kazi ya kuchana hurudiwa majuma mawili?
4. Chawa wa kichwa na chawa wa nguo wanatofautianaje?