Ukuta Uulizao Swali

Nyumba ilikuwa gofu, katika mji wa New Orleans, Marekani. Mwaka 2011 bibi mmoja msanii, Candy Chang, aliyekuwa amefiwa na mtu aliyempenda kama mama, aliupaka ubavu wake rangi ya ubao wa darasani. Juu yake akachapa maneno yale yale mara nyingi: "Kabla sijafa nataka…", na mbele yake nafasi tupu. Chaki akaziacha papo hapo.

Siku ya pili ukuta umejaa. Kuna aliyetaka kupanda mti. Kuna aliyetaka kumkumbatia mwenziwe mara moja tu tena. Tangu hapo kuta kama hizo zimesimamishwa katika nchi zaidi ya 70.

Msomaji mpenzi, sisi tuliokulia chuoni twaujua ubao: huandikwa, husomwa, kisha huoshwa. Na twaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba haimfai Muislamu mwenye cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Basi swali la bibi huyu si geni kwetu. Ugeni wake ni kuulizwa njiani, mbele ya kila apitaye.

Nami nilishika kalamu nikajijaribu. Nilidhani nitaandika diwani yangu ichapishwe. Mkono ukaandika jina la ndugu yangu, ambaye tangu tulipogombea minazi ya marehemu baba hatuamkiani. Chaki hufutwa na mvua moja. Hili halifutiki ila kwa kuliendea. Ijumaa hii, inshallah, nitapiga hodi kwake.