Kipaji kinahitaji tanuri: funzo kutoka vyuo vya jamii

Mpwa wangu hufinyanga vyetezo. Huketi barazani kwa mamake na beseni la udongo, na mfungo ukikaribia majirani humnunulia vyote. Tatizo ni kuchoma. Akiwasha kuni na makumbi uani, kila kumi anavyoweka, vitatu au vinne hupasuka. Juzi akanipigia simu: "Mjomba, nataka kusomea sanaa. Huko Marekani ulikokuwa, madarasa yake yakoje?"

Nimeona nimjibu hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kule kuna vyuo vinavyoitwa vyuo vya jamii. Ni vya umma, vya miaka miwili, na ada yake kwa mkaazi wa eneo hilo huwa nafuu kuliko ya chuo kikuu. Cha kale zaidi kati ya vilivyopo ni cha Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Mlango wake uko wazi: kwa kawaida hutakiwi alama za juu wala mkoba wa michoro uliyokwisha kuchora. Mimi nilisoma ufinyanzi usiku katika chuo kimoja cha namna hiyo, mchana nikifanya kazi ghalani. Jirani yangu darasani alikuwa bibi mstaafu, na mbele yetu kijana aliyetoka shule ya upili mwaka huo huo.

Mwanafunzi wa sanaa huanza na msingi: kuchora kwa penseli na mkaa, mpangilio wa rangi na maumbo, kisha kuunda vitu vya kushikika. Baada ya hapo huchagua fani, kama vile uchoraji wa rangi, uchongaji, ufinyanzi, upigaji picha au uchapaji wa picha kutoka kwa mbao na mabamba ya chuma. Akikusanya takriban krediti 60 hupata shahada ya miaka miwili, na wengi huihamisha kwenda chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: somo la karakana halifanani na somo la kusikiliza. Somo la kawaida la krediti tatu huchukua kama saa tatu darasani kwa wiki. La sanaa, kwa krediti hizo hizo, mara nyingi huchukua sita, na bado kuna saa za kwenda kujifanyia kazi mwenyewe. Mwisho wa kila kazi, vitu huwekwa mezani na darasa zima huvikosoa, mwenyewe akisikiliza. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya tatu nilianza kuandika waliyosema.

Lakini kilichonifunza zaidi ni chumba chenyewe. Kulikuwa na magurudumu ya kufinyangia, rafu za kukaushia, na matanuri ya umeme yanayopandisha joto polepole. Chombo huchomwa mara mbili: kwanza kwa takriban nyuzi 1,000, kisha hupakwa dawa inayogeuka kioo motoni na kurudishwa, wakati mwingine hadi nyuzi 1,200 na zaidi. Moto wa uani hauwezi kudhibitiwa hivyo. Unyevu uliobaki ndani ya udongo ukipata joto la ghafla hugeuka mvuke na kukipasua chombo. Kumbe vyetezo vya mpwa wangu havina ila ya mkono. Ni moto unaokwenda mbio.

Na kulikuwa na sheria. Ufagio mkavu ulipigwa marufuku katika chumba cha udongo. Sakafu ilipigwa deki, kwa sababu vumbi lile huharibu mapafu. Vitambaa vyenye mafuta ya rangi vilitiwa katika pipa la chuma lenye kifuniko, maana vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Sasa, mpwa wangu, kabla hujamlipa wakala yeyote wa masomo ya ng'ambo, fahamu kwamba mgeni hutozwa ada kubwa kuliko mkaazi. Na chuo chochote utakachokwenda, cha huko au cha hapa, uliza: Karakana hufunguliwa saa ngapi nje ya vipindi? Wanafunzi wangapi kwa tanuri moja? Vifaa vimo ndani ya ada au hununuliwa kando?

Swali jingine ni letu sisi wazee. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Watoto wetu wa Gredi ya 10 sasa wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Watafanyia wapi kazi? Pwani haina upungufu wa mikono: tuna wachongaji wa milango, wasusi wa ukili, washonaji wa kofia. Mtu mmoja hawezi kununua tanuri, lakini kaunti inaweza kununua moja, ikaliweka katika chuo kilichopo, na mlango ukaachwa wazi jioni kwa mwanafunzi na kwa mama anayefinyanga nyumbani.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa.